Namba ya Baba Mkubwa

Kama kuna kazi ngumu kuliko kumweleza fundi bomba habari za mabomba, mimi sijaiona. Na mimi nilikuwa na mafundi bomba wawili, tena pacha, tena wameugua pamoja.

Baba na Baba Mkubwa walizaliwa siku moja, mmoja akimtangulia mwenzake kwa robo saa, na hiyo robo saa ndiyo iliyompa ukubwa wa maisha. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Walisoma darasa moja, wakafukuzwa siku moja, wakafunzwa ufundi na mtu mmoja, na kwa miaka arobaini wameingia chini ya masinki ya watu wakiwa wawili: mmoja analala chali na spana, mwenzake anamulika tochi na kutoa kasoro. Baba alioa. Baba Mkubwa hakuoa; alisema mama yangu anatosha kuwagombeza wote wawili. Mama alipotangulia, kazi hiyo nikairithi mimi, na sikulalamika, maana kipaji ninacho.

Mwaka huo vifua vyao vikaanza kubana. Walikuwa wakipanda ngazi na ndoo ya vifaa, wanasimama katikati na kujifanya wanakagua ukuta. Nikawaburuta hospitali. Daktari wa moyo akawapiga picha za mishipa, akatuonyesha kwenye kioo: kila mmoja ana mshipa wa moyo uliokaribia kuziba. Akasema watawekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, kikifika penye ufinyu kinatanuliwa na kubaki hapohapo kushikilia njia.

"Kumbe ni soketi tu, kama ya kuungia bomba," akasema Baba.

"Soketi ya ndani," akamsahihisha Baba Mkubwa.

Daktari akacheka. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana wazee wale ukishacheka nao wanakuhesabu fundi mwenzao, na fundi mwenzao haambiwi kitu, anabishiwa.

Hospitali ilikuwa na utafiti wake. Stenti zilikuwa za aina mbili, moja ya chuma kitupu, nyingine imepakwa dawa. Walitaka kujua kila aina inausababishia mshipa uvimbe kiasi gani, kwa sababu mwili ukigundua kitu kigeni ndani yake hukasirika, ukavimba mahali pale, na hasira hiyo huacha alama kwenye damu inayoweza kupimwa. Hilo nililielewa upesi. Hata mimi nimeumbwa hivyohivyo. Wangechukuliwa damu kabla ya kuwekewa, siku ya pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa pili. Aina ya stenti ingeamuliwa kwa kura. Wazee wakakubali, nami nikatia saini karatasi yao kama shahidi. Nesi wa utafiti aliposikia kuwa ni pacha alifurahi mpaka akasahau kalamu yake kwetu.

Kura ikampa Baba iliyopakwa dawa. Baba Mkubwa akapata chuma kitupu.

Siku waliyowekewa, daktari alivuta kiti akakaa baina ya vitanda vyao. Aspirini mtameza wote, maisha yenu yote, akasema. Lakini kuna kidonge kingine, kidogo, cha kuzuia damu isigande. Baba Mkubwa atakimeza mwezi mmoja tu. Baba atakimeza mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja.

"Mbona kinyume?" Baba akauliza. "Bomba lililopakwa ndilo lisilotaka matunzo."

"La kwako ndilo linalotaka zaidi, mzee. Chuma kitupu kinafunikwa haraka na ngozi ya ndani ya mshipa. Ile dawa iliyopakwa inaichelewesha ngozi hiyo isiote ovyo ikaziba njia. Kwa hiyo chuma chako kitakaa wazi muda mrefu, na damu ikipita juu ya chuma kilicho wazi inataka kuganda. Ukiacha kidonge, inaweza kuganda humohumo ndani ya stenti, na ikiganda hapo, dakika zetu za kukuokoa ni chache."

Wote wawili wakatikisa vichwa kukubali. Ninawajua. Walitikisa vile wanavyowatikisia wenye nyumba wanaowaelekeza mahali pa kukata ukuta. Nikamgeukia Baba nikamwambia kuwa kidonge hicho nitakisimamia mimi mwenyewe, atake asitake.

"Sawa, karani," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu mimi ni karani wa ghala katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, mwaka wa tisa sasa. Akifurahi ananiita mama.

Siku ya pili damu ikachukuliwa. Mimi nikaenda kumsumbua nesi wa utafiti katika chumba chake kidogo, chenye meza, jokofu la sampuli na kalenda ya mwaka uliopita. Nilitaka namba. Akasema namba hizo ni za utafiti, si za kupeleka wodini. Nikamwambia damu ni ya baba yangu. Tukavutana mpaka akachoka, akaandika kwenye kipande cha karatasi: Baba nne, Baba Mkubwa kumi na tisa.

"Subiri nikueleze maana yake," akasema.

"Namba najua kuzisoma, sista. Ndiyo kazi yangu."

Nikarudi wodini mbio. Baba alikuwa ameketi kitandani, Baba Mkubwa anamkatia kucha. Nilisimama katikati ya vitanda nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. "Uvimbe! Baba, nne! Baba Mkubwa, kumi na tisa! Leo mdogo kamwacha mkubwa mbali!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Baba Mkubwa naye akacheka, akasema basi, chuma kitupu lazima kishike kutu, hata mtoto wa fundi anajua. Kisha akaendelea kukata kucha, polepole sana. Baba hakucheka. Nilidhani amekatwa nyama.

Tukarudi nyumbani, na hapo nikaanza kuzeeka. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini yangu yalikuwa manne, yote ya kufa. Waliambiwa wapumzike wiki mbili. Siku ya tano nikakuta spana zimeloa. Waliambiwa wasinyanyue vitu vizito. Nikamkuta Baba Mkubwa amebeba tangi la choo kifuani kama mtoto mchanga, eti ni tupu, halina maji. Nikisema, wananiitikia. Nikigeuka, wanafanya yao. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi wenyewe wawili.

Kidonge tu ndicho nilichokimudu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikitoa kwenye karatasi yake ngumu nikakiweka kando ya kikombe cha Baba, pamoja na aspirini. Na kila Jumamosi nilichukua karatasi zile nikahesabu vijishimo vilivyotobolewa, nikatafuta na chini ya meza, na chini ya godoro, na kwenye ndoo ya taka, kama kuna kidonge kilichotupwa. Hakikuonekana hata kimoja. Ghalani kwetu mzigo ukishatoka na usipoonekana popote, basi umefika. Nilijisifu hata kwa wenzangu kazini: wazee wangu wakaidi, lakini dawa wanameza.

Mwezi ulipotimia, vidonge vya Baba Mkubwa vikaisha kama alivyoambiwa. Damu ya mwezi wa kwanza ilichukuliwa. Namba zake sikwenda kuziulizia. Tulikuwa tunafunga hesabu ya mali ghalani na nilikuwa nimechoka.

Baba Mkubwa alikuwa na alama za bluu mikononi tangu mwezi ule, na baada ya hapo hazikuisha. Nikamuuliza. Akasema amejigonga kwenye bomba. Wiki iliyofuata zikaongezeka. Nikamuuliza tena, akasema mabomba ya siku hizi yana kona. Akajikata kidevu akinyoa, damu ikachuruzika mpaka ikalowesha taulo, nami nikamfokea kuhusu wembe butu, nikamnunulia mpya. Nilikuwa na jicho la kuona kila kitu na akili ya kutoelewa hata kimoja.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, napokea shehena ya vigae, simu ikalia. Baba Mkubwa. Hakusalimia.

"Njoo hospitali. Baba yako kaanguka."

Walikuwa jikoni kwa mtu, wanabadilisha koki. Baba alikuwa chini ya sinki. Akasema, "Nishikie hii," akatoa mkono wenye spana, na mkono ukadondoka. Mwenye nyumba aliwapakia kwenye gari lake akaendesha huku amevaa ndala.

Nilipofika, Baba alikuwa ameshaingizwa ndani. Baba Mkubwa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, suruali imelowa maji mpaka magotini, spana ya nduguye bado iko mkononi mwake. Tulikaa. Baada ya zaidi ya saa moja daktari akatoka, amevua kofia, jasho limemkauka usoni.

"Yuko hai," akasema. "Damu iliganda ndani ya stenti, ikaziba kabisa. Tumeivuta, njia imefunguka. Lakini sehemu ya msuli wa moyo imekufa, na hiyo hairudi. Moyo wake hautakuwa ule wa zamani." Akanitazama. "Amekosa kidonge siku ngapi?"

"Hata siku moja."

"Dada, niambie ukweli tu, sikulaumu. Siku ngapi?"

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka. "Nimesema hata moja! Natoa mwenyewe, nahesabu mwenyewe, nachakura mpaka ndoo ya taka! Ninyi ndio mliomwekea kitu kibovu. Mlimpigia kura kama mbuzi wa bahati nasibu, mkampaka madawa yenu, mkamchoma sindano za utafiti, leo mnataka kunibebesha mimi! Niletee hiyo karatasi niliyotia saini, niichane hapahapa!"

Muuguzi aliyekuwa akisukuma kiti cha magurudumu akasimama. Nilikuwa nashusha pumzi nianze upya, Baba Mkubwa akasema, akitazama sakafu:

"Mwache daktari, mwanangu. Vidonge nimemeza mimi."

Sikuelewa. Ikabidi aseme tena.

"Vyangu vilipoisha, akanipa vyake. Kila asubuhi, ukishatoka. Nilikataa siku ya kwanza, wallahi nilikataa. Akaniambia, mimi langu limepakwa, namba yangu ni nne, wewe kumi na tisa. Wewe ndiye unayeliwa na kutu. Daktari kijana, kachanganya mabomba. Akasema yeye ana aspirini, inamtosha." Akakunja mikono juu ya ile spana, na alama za bluu zikaonekana mpaka viwiko. "Niliogopa kufa, mwanangu. Namba ile ilinitisha. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini."

Nilipaswa kunyamaza. Yule ni baba yangu mkubwa. Amenibeba mabegani, amenilipia karo mwaka ambao Baba alivunjika mguu. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Umemla ndugu yako," nikamwambia. "Umekaa mezani kwetu, asubuhi baada ya asubuhi, ukamla ndugu yako na chai."

Daktari alimshika bega, akamwomba amfuate chumba cha pili akatazamwe damu yake, naye akaenda. Mimi nikabaki na benchi lililolowa.

Siku ya tatu Baba akatolewa chumba cha uangalizi akapelekwa wodini. Asubuhi hiyo nesi wa utafiti alitukuta nje ya mlango, mimi na Baba Mkubwa, tumesimama mbalimbali. Ana karatasi. Damu ya mwezi wa pili ilikuwa imechukuliwa siku nne kabla Baba hajaanguka, na majibu yalikuwa yametoka.

"Ya kwako ni mbili, mzee," akamwambia Baba Mkubwa. "Kawaida kabisa. Hata ile ya mwezi wa kwanza ilikuwa tatu."

Baba Mkubwa akauliza kwa sauti ndogo, "Ni vile vidonge?"

"Hapana. Vile si vya uvimbe, vile ni vya kuganda damu. Uvimbe wa siku za mwanzo kwa watu wengi hupanda, hasa kwa chuma kitupu, kisha hushuka wenyewe. Kumi na tisa ya siku ya pili wala haikutushtua." Akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote usoni. "Siku ile nilitaka kukueleza."

Mwezi wa kwanza, tatu. Kabla hata hajameza kidonge kimoja cha ndugu yake. Ningekwenda kuulizia siku ile, ningejua. Nilikuwa nahesabu misumari.

Tukaingia. Baba alikuwa amelazwa kwa kuinuliwa kichwa, waya kifuani, mkono mmoja una sindano ya dripu. Alikuwa amepungua nusu. Watu wale wawili, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, hawakufanana. Kwenye kimeza cha kitanda kulikuwa na bilauri ya maji na kikombe kidogo cha plastiki chenye dawa zake za asubuhi, kile kidonge kikiwa juu.

"Pacha wangu amepimwa?" akauliza. Sauti ilikuwa pumzi tupu.

"Amepimwa."

"Ngapi?"

"Mbili."

Akafumba macho, na uso wote ukalegea kwa raha. "Nilijua," akasema. "Basi havikupotea bure."

Baba Mkubwa alinigusa kiwiko. Nilijua anachoomba. Anaomba nimwachie mgonjwa hilo moja, na mimi pia nilitamani kumwachia. Ningeweza kunyamaza, nikamfunika shuka, nikatoka. Lakini kidonge kilikuwa pale mezani na mwaka ulikuwa bado mrefu. Akiondoka hospitali akiamini kwamba ameliponya bomba la ndugu yake, siku ya kwanza nikitoka kwenda kazini atakisukuma kile kidonge upande wa pili wa meza. Moyo uliobaki haukuwa wa kuhimili mara ya pili.

"Ingeshuka tu, Baba," nikasema. "Hata asingemeza chochote. Mwezi wa kwanza ilikuwa imeshafika tatu. Vidonge vile havikumsaidia kitu. Vilikuwa vya kwako wewe."

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi, alimtazama ndugu yake. Baba Mkubwa akatikisa kichwa, kuitikia.

"Mbona hukutuambia?" Baba akauliza.

"Sikujua. Nesi alitaka kunieleza, nikamwambia naweza kusoma namba."

"Kama hukujua maana yake, kwa nini ulikuja kuitangaza?"

Nimewahi kuwajibu watu wengi maishani, na sijawahi kukosa neno. Ningesema ni haki ya mgonjwa. Ningesema hospitali haielezi watu. Yote hayo nilikuwa nimeshayapanga tangu ukumbini, na yalikuwa na ukweli ndani yake.

"Nilifurahi," nikasema. "Ya kwako ilikuwa ndogo, yake kubwa. Nilifurahi kuwa akifa mtu, hutakuwa wewe."

Nilisema hivyo Baba Mkubwa akiwa kando yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakusogea. Baba alinyanyua mkono usio na sindano, nami nikanyoosha wangu nikidhani ananitafuta mimi. Alikuwa anamtafuta nduguye. Akamshika kifundo cha mkono, palepale penye alama za bluu, akamvuta akae ukingoni mwa kitanda.

"Tupishe kidogo, mama," akasema, bila ukali wowote. "Nataka kuzungumza na ndugu yangu."

"Umeze kwanza dawa."

"Iache hapo."

Nikakitazama kile kidonge, nikawatazama wao. Nikakiacha hapo mezani, baina yao wawili, nikatoka.